Nani Anajua, Nani Anasikia: Kinaya na Sauti ya Pekee katika Fasihi Yetu

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa ardhi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mto Songwe ulitajwa kwa jina. Nyuzi za longitudo zikatajwa, na mstari ukapitishwa juu ya ramani. Wanyamwanga waliolima na kuoana pande zote mbili za mstari huo hawakuulizwa wala hawakuarifiwa. Tume ya mipaka ilifika kuupima mwaka 1898. Kwa miaka minane, watu wa eneo ambalo leo ni Tunduma upande huu wa Tanzania na Nakonde upande ule wa Zambia walikuwa wamekwisha gawiwa dola mbili, na jambo hilo walilijua watu waliokuwa mbali nao mno.

Sisi tunaosoma habari hizi leo tunajua walichokuwa hawakijui. Tukimfikiria mkulima wa mwaka 1891 akivuka kwenda kwa shemeji yake, tunaona mpaka asiouona yeye, na kila hatua yake ndogo inatuwia nzito. Wahakiki huliita pengo hilo kinaya cha kidrama: hadhira inajua, mhusika hajui, na maneno yake ya kawaida yanabeba maana asiyokusudia. Hufundishwa kama mbinu ya jukwaani, lakini watu wa mpakani wamepata kuishi ndani yake.

Vitabu vya shule huitaja mbinu hii mahali pake, uzungumzi nafsia mahali pake, na monolojia mahali pake. Mwanafunzi wa Vwawa au Tunduma, mkoani Songwe, hukariri kwamba uzungumzi nafsia ni mhusika kusema peke yake mawazo yaliyo moyoni, na kwamba monolojia ni usemi mrefu wa mtu mmoja. Hutoa mfano mmoja mmoja, akapata alama zake. Naamini utaratibu huo unamnyima jambo kubwa. Mbinu hizi tatu zinauliza swali moja: ujuzi umegawanywaje kati ya waliopo? Nani anajua, nani hajui, na linaposemwa nani anasikia? Nitaongeza dai la pili, ambalo ndilo hasa linalonisukuma kuandika: katika fasihi ya Kiswahili mtu anayesema peke yake karibu kila mara ana msikilizaji wa pili. Sauti ya pekee kwetu haikai peke yake, na waandishi wetu wakubwa wamepata nguvu zao kwa kuliheshimu jambo hilo.

Ushahidi wa kale ni Fumo Liongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini. Kisa chake kilichapwa na Edward Steere mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utendi mwaka 1913. Liongo amefungwa gerezani. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hula kilicho kizuri, mfungwa wakamwachia makombo. Siku moja Liongo anaimba. Mtu akipita nje atasikia mfungwa akijililia. Kumbe katika wimbo anamwagiza mama aoke mkate wa wishwa, ndani yake aweke tupa. Walinzi wanausikia wimbo wote na hawaambulii kitu. Mkate mbaya unapofika wanauacha umwendee mwenyewe. Baadaye anaomba apigiwe ngoma ya gungu, na makelele ya ngoma yanafunika sauti ya tupa ikikata pingu.

Hebu tuhesabu waliousikia wimbo ule. Yuko Saada anayeuelewa, wako walinzi wasiouelewa, na tuko sisi tunaowaona wote wawili. Monolojia na kinaya cha kidrama vimeshikana katika tukio moja, na msanii wa pwani hakuhitaji nadharia ya mtu yeyote ili avishikanishe. Kisha kisa kinageuka. Mtoto wa Liongo anatumwa kuichunguza siri ya kifo chake, naye baba anamwambia kwamba atakufa kwa sindano ya shaba kitovuni. Sasa sisi ndio tunaojua, na Liongo, aliyewashinda walinzi kwa kujua zaidi yao, ndiye asiyejua. Anachomwa, na anakufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na kwa siku kadhaa watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa kumwogopa maiti. Mama yake anasogea kumbembeleza kwa maneno ya upole, na maneno hayo hayana tena wa kuyasikia. Katika fasihi yetu sijui mahali pengine ambapo usemi wa mtu mmoja unauma kiasi hicho, na unauma kwa sababu moja: safari hii msikilizaji wa pili amekosekana kweli.

Tukitoka kwa Liongo twende kwa Ebrahim Hussein. Tamthiliya yake Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, na hapo ndipo kinaya cha kidrama cha Kiswahili kilipofika mbali kuliko popote. Mwaka uliotangulia, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilikuwa kimewatuma wanafunzi wa historia kukusanya masimulizi ya wazee walioiona Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Kwa hiyo watazamaji wa kwanza walikaa vitini wakijua mwisho. Walijua maji ya dawa waliyopewa wapiganaji hayakuzuia risasi. Walijua Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyeyatoa maji hayo, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mnamo Agosti 1905, vita ikiwa bado changa. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, na msomaji atafanya vizuri kulizingatia hilo.

Kujua mwisho hakutoshi kujenga kinaya kizuri. Sofokile, mtunzi wa Ugiriki ya kale, aliwategemea Waathene waliokijua kisa cha mfalme Edipode kabla hajatokea jukwaani. Samuel Mushi alitupatia tafsiri ya mchezo huo kwa Kiswahili, Mfalme Edipode, mwaka 1971. Edipode anabaki gizani karibu hadi mwisho, kisha anaona yote kwa mara moja. Hussein amelihamisha pengo la ujuzi mara tatu, na huo ndio ubingwa wake.

Kwanza pengo liko baina yetu na wote walio jukwaani: wanafurahia maji, sisi tunahesabu maiti watakaokuja. Halafu Kinjeketile mwenyewe anashtuka. Katika ujumbe wa mzimu anagundua ahadi ya kuwa chini ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani kumtoa mtawala mmoja na kumwingiza mwingine, na anaelewa kwamba neno lililotoka kinywani mwake limekuwa kubwa kuliko yeye. Sasa anajua, watu hawajui, na hawezi kuwaambia bila kuuvunja umoja ambao makabila hayakuwahi kuupata. Hapa mateso ya peke yake ya mhusika yanageuka kuwa jambo la umma: kila akijisemea, tunajua ni nani wangepaswa kumsikia na hawamsikii. Kitunda, anayewafunza wapiganaji, anaomba muda. Watu wanataka vita leo.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Kinjeketile amekamatwa, na wanamtaka atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Kwa hesabu ya siku ile anashikilia jambo ambalo risasi zimekwisha likanusha. Lakini hadhira ya 1969 ilikuwa na miaka minane ya uhuru nyuma yake. Ilijua kitu ambacho maafisa wa Kijerumani jukwaani hawakukijua: kwamba neno lile lingerithiwa, na kwamba dola yao ndiyo iliyokuwa ikielekea ukingoni. Kinaya kimegeuziwa mtawala. Tulioanza mchezo tukimhurumia Kinjeketile kwa kutojua kwake, tunaumaliza tukimwona mwenye bunduki ndiye asiyejua. Mwalimu anayefundisha tamthiliya hii kwa orodha ya dhamira tu, bila kumwonyesha kijana mgeuko huo, ameacha moyo wa kazi yenyewe.

Uzungumzi nafsia wa Kiingereza ulitufikia kwa njia ya tafsiri. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthiliya ya Kiingereza Julius Caesar mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka 1968 Mushi alitoa Makbeth. Katika Juliasi Kaizari ziko sauti mbili za kulinganisha. Brutus, usiku bustanini mwake, anajisemea na kujishawishi kwamba Kaizari lazima afe, si kwa alilotenda bali kwa anayoweza kuja kutenda. Baadaye Antony anasimama mbele ya umati na kuwasifu wauaji kwa maneno yanayozidi kuwachimba kadiri anavyoyarudia. Sauti ya kwanza ni ya mtu na nafsi yake, ya pili ni ya mtu na kadamnasi. Nadhani ile ya pili ndiyo inayokaa vizuri zaidi katika Kiswahili cha Nyerere, kwani ni hotuba, na hotuba ina nyumba ya zamani katika lugha hii. Miaka kumi na zaidi kabla yake Shaaban Robert alikuwa amekijenga kitabu kizima, Kusadikika (1951), juu ya mshtakiwa Karama anayejitetea barazani kwa maneno marefu. Brutus anahitaji msikilizaji ambaye utamaduni wa masimulizi haujamzoea: mtu akaaye kimya gizani na kujifanya hayupo.

Aliyekulia kwenye hadithi anajua kwamba fanani hasemi na hewa. Akiita, anaitikiwa, asipoitikiwa, anangoja. Hussein alilijua hilo. Mwaka 1976 alichapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi mbili ambamo mtu mmoja anabeba mchezo wote. Kwa kipimo cha kitabu cha shule hizo ni monolojia. Kwa kipimo cha jukwaa ni usimulizi, kwa sababu msemaji anatusemesha, anatuuliza na kutupa zamu, na wahusika wote wanapita kinywani mwake. Penina Muhando naye katika Nguzo Mama (1982) alimpa Bi Msimulizi kazi ya kusimama kati ya mchezo na watazamaji. Waandishi hawa waliujua vizuri uzungumzi nafsia wa Ulaya. Waliamua kwamba hapa kwetu mtu aliye peke yake jukwaani atazame watu usoni.

Nafsi inayojisemea yenyewe ilipata makao kwingine, kwenye riwaya, ambako msomaji kweli yu kimya na yu peke yake. Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, msomi aliyejaa mashaka. Anatueleza yote anayoyawaza, na bado tunamtangulia. Tunapoona mtoto wa mhusika mwenzake Manase mwenye kichwa kisicho cha kawaida, na tukikumbuka mwanamke ambaye Manase na Kazimoto wote wamepita kwake, hesabu inajifanya yenyewe. Kazimoto anaendelea na falsafa zake hadi mtoto wake naye anazaliwa. Anayejieleza kuliko wote ndiye anayechelewa kujielewa. Mhusika wa tamthiliya asingeweza kufanya hivyo kwa saa mbili bila hadhira kumpigia kelele amke.

Kelele hizo nazo ni sehemu ya jambo hili. Nani amekaa kwenye kibanda umiza cha kuonyeshea filamu, iwe Tunduma, iwe Mbozi, asisikie watu wakimwonya mhusika kwamba adui yuko nyuma ya mlango? Watafsiri wa filamu, ambao Lufufu ni miongoni mwa waliowafungulia njia hapa Tanzania, wameikuza tabia hiyo kuwa sanaa. Mtu mmoja na kipaza sauti anasema juu ya filamu ya Kichina au ya Kinaijeria, anawasemea wahusika wote, na mara nyingi anatudokeza la mbele kabla halijatokea. Kampala wana watu wao wa kazi hiyo, Nairobi wana wao. Hiyo ni monolojia inayozalisha kinaya pale pale: mtafsiri ametupa ujuzi ambao mwandishi wa filamu alikusudia kutuficha. Wasomi wanaoidharau kazi hii wangejifunza kitu kuhusu hadhira yao wenyewe.

Shuleni, kinaya kiko mikononi mwa vijana wa Songwe bila wengi wao kuambiwa. Katika Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, iliyotoka mwaka 1988, ambao ulikuwa mwaka wa sensa, karani anafika kijijini kuhesabu watu na moyo wake unaishia kwa Mazoea, binti wa Ngengemkeni Mitomo. Tunaona hatari wakati baba bado anampokea mgeni wa serikali kwa heshima. Akigundua, makaratasi ya sensa yanaishia motoni. Hicho ni kinaya chepesi, cha kuchekesha mpaka moto uwake.

Kilio Chetu (1996) na Orodha ya Steve Reynolds (2006) ni kazi nyingine kabisa, na kwa mji kama Tunduma zina uzito wa pekee. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, na malori hulala mpakani yakisubiri karatasi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 uliikuta mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ikiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima, kwa asilimia 11.4, 11.3 na 9.3. Songwe ilikuwa imetoka tu kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Katika Kilio Chetu mzazi anakataa binti yake kuelezwa mambo ya kimapenzi kwa kuamini kwamba kutojua ni kinga, na jukwaani tunaona kutojua huko kukimwangamiza. Katika Orodha msichana Furaha amekufa kwa UKIMWI na ameacha barua isomwe mazishini. Wanaume wenye heshima zao, padri akiwemo, wanahangaika isisomwe, maana wanaamini ina orodha ya majina. Mchezo unaturudisha nyuma kuona aliyopitia Furaha, kwa hiyo tunajua hofu yao imetoka wapi wakati mama mfiwa hajui. Barua inasomwa, na orodha si ya watu.

Barua ile ndiyo monolojia iliyojengwa kwa werevu kuliko zote zinazosomwa sekondari. Msemaji hayupo tena duniani, hivyo hakuna awezaye kumkatiza au kumtisha. Wasikilizaji wake kila mmoja anasikia kitu tofauti kwa kadiri ya anachokificha. Mwalimu akiwauliza wanafunzi, kila anapotokea mhusika mmoja, huyu anajua nini sasa hivi na angetoa nini ili mwenzake asijue, darasa litaufahamu mchezo kwa kina ambacho orodha ya dhamira haiwezi kuwapa. Naamini pia litajifunza jambo la kuwasaidia nje ya darasa, katika mji ambao dereva, wakala wa forodha, mbadili fedha na mama lishe kila mmoja ana nusu yake ya habari.

Yako masimulizi mengine ambayo ukanda huu umeyazaa wenyewe, na hayajapata nafasi yanayoistahili katika mazungumzo yetu ya fasihi. Mwishoni mwa karne ya 19, nyanda zilizo kati ya Nyasa na Tanganyika zilikuwa njia ya biashara ya watumwa na uwanja wa uvamizi. Wanawake walionusurika walifika kwenye vituo vya wamisionari wa Moravian, waliokuwa wameanza kazi Rungwe mwaka 1891. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari aliyeishi Utengule karibu na Mbeya, alisikiliza maisha ya baadhi yao na kuyaandika kwa Kijerumani. Miongoni mwao ni Narwimba, na Chisi ambaye anatajwa kwa majina matatu. Mwanahistoria Marcia Wright alizichapisha simulizi hizo kwa Kiingereza mjini Lusaka mwaka 1984, kisha katika kitabu kikubwa zaidi mwaka 1993.

Ni monolojia za kweli. Mwanamke anasema maisha yake tangu kutekwa: kutoka mkono huu kwenda mkono ule, kutafuta mwanamume au ukoo wa kumkinga, kushika watoto wasiuzwe. Lakini msikilizaji wa pili yupo, na ana kalamu. Kila sentensi ilisemwa mbele ya mtu wa misheni, na misheni ndiyo iliyokuwa imempa msemaji kimbilio. Msomaji wa leo anajua hivyo, na ujuzi huo unabadilisha usomaji wote. Mahali ambapo mwanamke anapita haraka juu ya mume au bwana fulani, tunajiuliza kama kulikuwa na neno ambalo halingefaa kusemwa pale. Mahali ambapo mambo yanapangika kuelekea wokovu, tunajiuliza ni mkono wa nani ulioyapanga. Kinaya hapa hakimdhalilishi msemaji. Yawezekana kabisa yeye ndiye aliyejua zaidi: alimjua msikilizaji wake, alijua anachotaka, akampa hicho na kubaki na kingine. Liongo alifanya vivyo hivyo mbele ya walinzi wake.

Simulizi hizi zingefaa zitafsiriwe kwa Kiswahili na zichezwe, Mbozi, Ileje, Tunduma, hata Nakonde ng'ambo, kwa kuwa njia za mateka hazikujua mpaka. Hazihitaji jukwaa la gharama. Mwigizaji mmoja anatosha, kwa namna ya Jogoo Kijijini. Uamuzi mgumu wa mwongozaji utakuwa kiti cha msikilizaji. Akimweka mmisionari hapo na kalamu yake, watazamaji watamwona Narwimba akichagua maneno. Akikiacha kiti wazi, watazamaji ndio watakaokuwa msikilizaji, nao watalazimika kuonyesha wanachotaka kuambiwa. Ningependa mchezo ufanye yote mawili: asimulie mara ya kwanza kwa mwenye kalamu, kisha kiti kiondolewe na aanze tena habari ile ile mbele ya watu wa kwao, akisimama palepale alipopita haraka mwanzoni na kungoja waitikie kabla ya kuendelea.